Mtu Aliyempa Mama Yangu Jina

Kilindoni nzima ilimwita Mtafsiri, nami nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, aliingiaje kwenye kazi ya kukaa gizani na maikrofoni mkononi, hayo waulizeni wanaompenda. Wapo wengi. Mimi nitasema ninayoyajua, na mengi kati ya hayo si mazuri.

Alikuwa na banda la video nyuma ya soko. Mabati ubavuni, mabati juu, mabenchi ya mbao za mnazi, na televisheni iliyowekwa juu ya kabati la nguo lisilo na milango. Yeye alikaa pembeni ya televisheni kwenye kiti cha plastiki, akiwa ameifunga maikrofoni kwa leso ili mate yasiingie. Filamu zilikuwa za Kiingereza. Alipunguza sauti ya filamu, akapandisha yake, akasema kila kitu kwa Kiswahili: wanaume, wanawake, polisi, hata mbwa. Alikuwa na sauti nzuri. Hilo silikatai. Angeweza kulia kama mjane na kucheka kama jambazi bila kuvuta pumzi katikati, na nimemwona kwa macho yangu akifuta machozi halisi kwa leso ya maikrofoni, kisha akaifunga tena akaendelea.

Mambo yake mengine yalikuwa ya kuchekesha, ukiwa mtoto. Adhana ikilia alisimamisha picha palepale. "Risasi itasubiri," alisema, akaenda msikitini, akatuacha na mtu aliyeganda hewani mdomo wazi. Watu wakianza kukumbatiana kwenye picha, aliinuka na mkeka aliouweka tayari nyuma ya kiti, akaukunjua mbele ya televisheni. "Hapa wanasalimiana," alisema. Salamu nyingine zilichukua dakika nzima. Na mtu akilia kwamba steringi, yule shujaa wa picha, amekufa, alijibu lile jibu lake ambalo mpaka leo vijana wanaliandika kwenye pikipiki zao: "Steringi hafi. Anachelewa tu."

Alichukia udanganyifu. Nasema hivi bila kejeli, kwa sababu ndicho kitu ninachoshindwa kukielewa kwake. Ukimpa hela ikazidi, alituma mtu akufuate mpaka Miburani akurudishie. Mwizi wa karata alimfukuza bandani kwa fimbo. Lakini mpe maikrofoni mtu huyohuyo.

Ilikuwa desturi yake kuwapa maadui wa kwenye filamu majina ya watu wa mjini. Mnunuzi wa samaki aliyembania bei aliamka siku moja akakuta yeye ndiye jambazi mwenye jicho moja. Mtendaji mmoja aliyesumbua watu kuhusu leseni alifanywa mamba, na mamba huyo alikufa vibaya. Watu walijaa bandani kwa ajili hiyo, si kwa ajili ya filamu. Walikuja kusikia leo ni zamu ya nani. Mtu aliyetajwa alikwenda kesho yake akamtukana Mtafsiri barazani, wakacheka, wakanywa kahawa, na baada ya mwezi jina lilikuwa limekauka na kuanguka kama kigaga.

La mama yangu halikuanguka. Miaka mingi nilijiuliza kwa nini, na jibu nililolipata ni jepesi mno kiasi kwamba linaniudhi. Mama yangu ni mtu wa bara. Alipangiwa kufundisha kisiwani kwetu Mafia akiwa msichana, akabaki. Hakuwa na mjomba bandarini wa kwenda kumfokea Mtafsiri, wala shangazi wa kumjibu utani kwa utani. Jina likimkuta mtu asiye na ndugu wa kumsaidia kulivua, linamkaa.

Lilianza hivi. Alhamisi moja, saa nne asubuhi, darasa la mama lilikuwa na wanafunzi kumi na wawili kati ya arobaini. Wengine walikuwa bandani, kwa sababu Mtafsiri alikuwa anaonyesha Dira. Hilo ndilo jina alilozipa filamu tatu za zamani za mtu anayezunguka dunia kutafuta hazina, mkononi ana dira iliyovunjika. Nilikuwa bandani mimi pia, darasa la tano, nimekaa chini mbele kabisa.

Mama hakuja na fimbo. Alikuja na daftari la mahudhurio. Alisimama mbele ya televisheni, picha ikawa inatembea kwenye gauni lake, akafungua daftari akaanza kuita majina kwa sauti ileile ya darasani. Na sisi, kwa mazoea, gizani, tukaanza kuitikia. "Nipo, Madamu!" "Nipo!" "Nipo, Madamu!" Kila aliyeitikia alikuwa amejikamata mwenyewe. Watu wazima waliokaa nyuma walicheka mpaka wengine wakaanguka na benchi. Mtafsiri alibaki na maikrofoni yake, anasema "Mwalimu, Mwalimu," hakuna anayemsikiliza. Kwa mara ya kwanza katika banda lake watu walimcheka yeye.

Wiki iliyofuata, Jumamosi, alionyesha Dira ya pili.

Kuna mahali ambapo steringi ananing'inia kwenye kamba, chini yake korongo na mto. Maadui watano wanaipanda kamba hiyohiyo kumfuata, visu wameviuma. Juu, ukingoni, amesimama mwanamke anayesafiri na steringi, sanduku la hazina miguuni, panga mkononi. Anaikata kamba. Steringi na maadui wote wanaanguka. Mtafsiri alisubiri mpaka panga likainuliwa, halafu akapiga kelele: "Hee! Madamu! Madamu wa bara! Kaona hazina, anakata kamba! Katakamba! Katakamba huyo!"

Banda lilipasuka. Nami nilicheka. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani najitoa. Nilicheka na kupiga makofi, na nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kwenda nyumbani ndipo nilipofahamu Madamu ni nani.

Mwishoni mwa filamu ile steringi anarudi akichechemea, anamkuta yule mwanamke, anamkimbilia. Mkeka ukakunjuliwa. "Msaliti anakabwa koo," alisema Mtafsiri nyuma ya mkeka. "Watoto msiangalie."

Basi likawa Katakamba. Wanafunzi waliliandika ubaoni. Baadaye wazazi walilitumia bila ubaya, kama mtu anavyotumia jina la mtaa. "Shikamoo, Mama Katakamba." "Marahaba," mama alijibu, akapokea chenji yake. Aliyapokea yote hivyo. Alipostaafu aliomba kuingia kwenye kikundi cha mwani, kwa sababu kukaa bure kunamuumiza mgongo kuliko kuinama. Mwani unafungwa kwenye kamba, kamba zinatandazwa baharini, kila mwanamke na kamba zake. Wale kina mama walimkaribisha, wakamkalisha, wakampa chai. Kisha mmoja akasema, "Katakamba kwenye kamba zetu? Tutavuna nini?" Wakacheka, yeye akacheka. Hawakumkatalia. Ila kila alipokwenda kuuliza kamba zake zimetengwa zipi, utani ulianza upya, na siku ikaisha. Mpaka leo hana hata kamba moja. Msiniambie utani hauna meno.

Nilikuwa chuoni Dar es Salaam mambo hayo yakitokea. Mwaka wa pili, hosteli, tulikuwa tunaangalia filamu kwenye kompyuta ya mwenzangu wa chumba, na mojawapo ilikuwa Dira ya pili. Nilifurahi kama mtoto. Kamba ilipotokea nikamwambia, "Huyu mwanamke mwangalie. Msaliti huyu."

"Msaliti wapi?" akasema. "Si ameambiwa akate?"

Tulirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Steringi ananing'inia, anaona maadui watamfikia na baada yake watamfikia mwanamke, anainua uso na kumwambia akate. Mwanamke anakataa. Anamwambia tena. Neno lenyewe ni moja, fupi, mtoto wa chekechea analijua. Mwanamke anakata huku analia. Na ile salamu ya mwisho nyuma ya mkeka, ambayo sisi wote Kilindoni tunajua kwamba ni kukabwa koo, ni mtu anayemshukuru aliyemwokoa.

Nilimpigia mama palepale.

"Najua," alisema. "Niliiona nikiwa chuo cha ualimu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Nisimame sokoni nitafsiri?"

Swali langu likawa moja: Mtafsiri alikosea au alifanya makusudi? Mtu asiyejua neno unaweza kumsamehe. Jibu nilipewa na Hamidu, niliyesoma naye, ambaye ni mtoto wa dada yake Mtafsiri. Simu zilipoua biashara ya video, Hamidu alilichukua banda akaligeuza la gemu.

"Dada, zamani hakuwa anasema vile," Hamidu aliniambia huku akipangusa padi za kuchezea gemu. "Kabla ya Madamu kuja na daftari. Mimi nilikuwa nalala humu humu bandani, nilizisikia mara mia. Alikuwa anasema, 'Kata, mpenzi, kata, mimi nitachelewa tu.' Watu walikuwa wanalia. Ukumbuke, yeye filamu hizi alizikariri kwa mtafsiri mwingine huko Dar, neno kwa neno. Ile ya kukata kwa sababu ya hazina aliileta mwenyewe."

Kwa hiyo alijua. Aliuvunja msemo wake bora kuliko yote, ule ambao lile jibu lake maarufu lilizaliwa humo, ili amfunge mwanamke mmoja jina.

Mwaka jana ikatangazwa kwamba gemu ya zamani iliyotokana na filamu za Dira inasafishwa upya na kutolewa tena. Mtu wa mbali hawezi kuelewa habari hiyo ilifanya nini Kilindoni. Gemu ya zamani Hamidu alikuwa nayo, ila diski yake ilikuwa na mkwaruzo. Ikifika kwenye kamba inaganda. Miaka yote hiyo, kizazi kizima cha mji huu kilicheza Dira mpaka kwenye kamba na hakikupita. Sasa kamba inakuja nzima. Vijana walifungua kundi la simu, wakaingia watu mia na zaidi, pamoja na wauguzi wawili na mshona nguo aitwaye Mwanaidi aliyekuwa mkali kuliko wote. Walichora dira kwenye mabati ya banda. Waliitazama trela ile ya dakika mbili wakiisimamisha kila sekunde. "Angalia nyuzi za kamba," Mwanaidi alituma. "Unazihesabu moja moja." Mwingine akaandika kwamba wakibadilisha muziki yeye hachezi. Mwingine kwamba sura ya steringi imekuwa laini mno, kapakwa mafuta ya nazi. Walitukanana siku tatu kuhusu kivuli.

Na katika yote hayo jina la mama lilipita kila saa. Katakamba kaongezewa nywele. Katakamba safari hii tunamcheza wenyewe. Kwenye kamba, mchezaji anakuwa yeye, kitufe cha kukata ni chako.

Nikaona nafasi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi, naandika barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Nilimwendea Mtafsiri kwake. Alikuwa anafungua spika ya zamani kwa bisibisi.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto wa Mwalimu, siyo?"

Alisema Mwalimu. Uso kwa uso alikuwa na adabu hiyo. Nilimweleza ninachotaka: vijana watamwita kutafsiri siku gemu ikifika, wameshakubaliana, bila sauti yake si Dira. Akifika kwenye kamba aseme kama alivyokuwa akisema mwanzo. Sentensi moja. Sikutaka aombe radhi.

Alifunga skrubu mbili kabla ya kujibu. "Kiingereza ni kingi, mwanangu. Maana ni ndogo. Watu walipenda vile."

"Mama hakupenda."

"Mama yako amekuambia hivyo?"

"Hajaniambia."

"Basi." Akapuliza vumbi kwenye spika.

Diski yenyewe ilisafiri kwa boti ndani ya hotipoti, imezungushiwa kanga, kwa sababu binamu wa Hamidu hakuamini mfuko wowote. Boti ilichelewa siku mbili kwa bahari mbaya, na watu walikwenda gatini siku zote mbili. Jumamosi saa tatu asubuhi banda lilikuwa limejaa mpaka nje. Televisheni mpya, spika mpya. Mtafsiri alikaa pembeni yake, kiti kilekile cha plastiki, leso kwenye maikrofoni. Walikuwa wamepiga kura nani ashike padi kwenye kamba, akapata Mwanaidi.

Kwa saa tatu alitafsiri vizuri. Nakiri kwamba nilisahau kumchukia kwa kama robo saa. Kisha korongo likatokea. Sauti ilikuwa safi. Ungesikia kamba inavyolia ikivutwa. Steringi akainua uso, akalisema lile neno. Picha ikatulia kumsubiri Mwanaidi abonyeze. Chini ya picha, herufi kubwa nyeupe, neno lenyewe limeandikwa.

Mtafsiri aliifunga upya leso ya maikrofoni.

"Babu, anasemaje?" Mwanaidi aliuliza.

Steringi akalirudia.

"Sauti mbovu," alisema Mtafsiri kwenye maikrofoni.

Nilisimama. "Sauti si mbovu. Anamwambia akate. Anamwomba akate ili wasimfikie."

Watu wakageuka. Mtafsiri hakugeuka. Aliisogeza maikrofoni karibu zaidi na mdomo, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote mbili, tamu kama zamani: "Binti wa Katakamba huyo. Mlitegemea aseme nini?"

Nusu ya waliokuwemo mle ndani walikuwa wamemaliza kidato cha nne, na wale wauguzi wawili wanasoma majalada ya Kiingereza kila siku. Neno lilikuwa mbele yao, kubwa kama kibao cha duka. Walicheka. Mwanaidi akabonyeza, panga likashuka, na banda zima likapiga kelele kwa pamoja jina la mama yangu. Hamidu alikuwa anaangalia sakafu.

Mara ya mwisho kumwona Mtafsiri ilikuwa miezi miwili iliyopita, nyumbani kwetu Miburani. Alikuja peke yake, mapema jioni, miwani myeusi usoni. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho na madaktari waliopita kisiwani. Mama alikuwa anakuna nazi, hakuinuka.

"Karibu. Macho yanaendeleaje?"

"Hili linauma, Mwalimu." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. Maelekezo ya dawa, kwa Kiingereza. "Waliniandikia hii. Kule nyumbani wananiambia, Babu soma mwenyewe, si ndiyo kazi yako."

Alikuwa amekaa nayo siku tisa. Siku tisa alitia dawa kwa kukisia, jicho likivimba, kwa sababu hapakuwa na mtu Kilindoni ambaye angeweza kumwambia kwamba hajui kusoma mstari mmoja. Akaja kwa adui yake, ambaye tayari alijua kwamba yeye ni muongo.

Mikono ya mama ilikuwa na nazi, kwa hiyo karatasi niliipokea mimi. Niliisoma yote. Ilikuwa rahisi. Mtafsiri alikuwa amenielekezea sikio, kichwa ameinamisha kidogo, na nilikuwa na maneno mawili tayari kabisa ulimini. Nilishayafikiria. Sauti mbovu.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaichukua karatasi mkononi mwangu kabla sijafungua mdomo. Akaisoma taratibu, kila tone na saa yake: hii mara nne, hii mara mbili, usiiname, usinyanyue kizito, maji yasiguse. Kisha akasema, "Rudia." Akarudia. Alipokosea mara mbili na mara nne, mama akamrudisha mwanzo. Alimrudisha mara tatu, kama wa darasa la pili, mpaka akapata yote.

"Ahsante sana, Mwalimu." Akakunja karatasi mara nne. "Hili lisitoke hapa."

"Halitoki," alisema mama, akarudi kwenye mbuzi yake ya nazi.

Nilimfuata mpaka barabarani. "Nenda bandani ukaseme kwamba yule mwanamke aliambiwa akate," nilimwambia. "Wewe mwenyewe, kwa maikrofoni. Na mimi hili la leo sitalisema."

Alisimama, akageuza miwani yake upande wangu. "Mwanangu, watu wameshazoea."

"Watazoea na lingine."

Alicheka, akapunga mkono, bodaboda ikasimama. Dereva alimwamkia kwa heshima zote na kumshika kiwiko wakati wa kupanda. Kwenye kibao cha nyuma cha pikipiki paliandikwa: Steringi hafi.

Mama aliahidi. Mimi sikuahidi. Kwa hiyo nimeandika, na atakayesoma awasomee wengine: Mtafsiri wa Kilindoni hajui Kiingereza, na mwanamke wa kwenye kamba aliambiwa akate. Jina halisi la Mtafsiri nimeliacha. Najua jina linavyofanya kazi likishatoka mdomoni.